Ugali wa Rangi Moja

Jumamosi, 7 Juni

Shule ilifungwa jana. Mwalimu Oliva wa somo la Biashara ameniazima kitabu cha ujasiriamali kisicho na jalada, akaniambia nikirudishe Julai kikiwa na kurasa zote. Nimekianza leo mlangoni mwa mashine ya baba, nimekaa juu ya magunia matupu na kujifunika khanga mbili kwa ajili ya baridi. Nimesoma kurasa arobaini bila mtu kuniambia nisogee. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mahindi mapya yanaingia mjini kutoka kila upande, na mimi nasoma kurasa arobaini kwenye mashine ya kusaga.

Ng'ambo ya barabara, kwa Muhsini, foleni ya ndoo imefika kwenye nguzo ya umeme. Muhsini alifungua mashine yake mwezi wa tatu. Kabla ya hapo upande huu wote wa mtaa wetu wa Bombambili ulisaga kwetu.

Jioni mama alikwenda mashineni na sufuria yake kama kawaida. Ugali wa leo ulikuwa wa kijivu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa baba alisubiri hadi tumenawa mikono ndipo akasema.

"Hadi mwisho wa Agosti. Mambo yakibaki hivi nauza mashine. Kuna mtu wa Namtumbo anaitaka."

Mama hakuuliza kitu, kwa hiyo nimejua walishazungumza. Baba atakwenda Nalasi kwa baba mdogo Optatus, kwenye korosho. Mimi na mama tutakwenda Hanga kwa bibi, na shule nitahamia hukohuko. Niko kidato cha tatu. Nimezoea maktaba yetu, hata harufu yake.

Nina majuma kumi na mawili. Kitabu kina sura tisa. Sura ya kwanza inasema: waulize wateja wako wanataka nini. Nimeiruka. Mimi nikimwona mtu mzima anakuja njiani nahesabu hatua hadi pale nitakapolazimika kusema shikamoo. Nitawaulizaje watu kwa nini hawaji? Nimeanza na sura ya pili.

Jumanne, 10 Juni

Kibao. Nimetumia kipande cha bati na rangi iliyobaki tulipopaka mlango. MASHINE YA ISIDORI. KUSAGA NA KUKOBOA. KARIBUNI WOTE. Nilipiga mistari kwa rula na herufi zote zimelingana. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama akasoma lote hadi chini.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mwandiko mzuri sana, mwanangu."

Akavuka barabara kwenda kwa Muhsini.

Alhamisi, 12 Juni

Wateja wanne. Manyunyu na upepo. Ugali wa njano.

Jumatatu, 16 Juni

Sura ya nne: mfanye mteja afurahie kusubiri. Nimeokota ubao na magogo mawili, nikatengeneza benchi mbele ya kibao, upande wa jua. Mama amekubali kunipa chupa ya chai ya tangawizi na vikombe vitano, kwa masharti kwamba sukari naipima yeye akiwepo.

Jumanne, 17 Juni

Kufika saa tatu asubuhi benchi lilijaa. Nilifurahi, nikamimina chai bila kupumzika. Nikamwita baba aje. Akatoka, akawatazama wale akina mama, akatazama chini kwenye miguu yao. Hapakuwa na ndoo hata moja.

Ndoo zao zilikuwa kwenye foleni kwa Muhsini. Walikuwa wamekuja kuota jua na kunywa chai yangu huku wakichungulia zamu zao.

"Ile ya bluu ni yangu, imebakiza mbili," alisema mmoja. "Niongezee kidogo, mwanangu. Tangawizi umeipatia."

Baba aliniuliza kama nimefungua hoteli. Hakucheka.

Jumatano, 18 Juni

Muhsini mwenyewe amevuka barabara. Kofia yake na kope zake vilikuwa vyeupe kwa unga.

"Lidwina, Mungu akujalie kwa kunitunzia wateja."

Sikujua kama ananidhihaki. Niliingia ndani nikajificha nyuma ya magunia hadi alipoondoka. Namchukia, na anaonekana mtu mwema, jambo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeondoa chai. Benchi bado wanalikalia.

Jumatano, 25 Juni

Wateja watatu. Kila ninayemsalimia huniambia, "Tutakuja, mwanangu, tutakuja." Wanalisema kwa upole sana. Natamani mmoja tu aniambie haji.

Ugali ulikuwa na wekundu, kama mtu aliyetia ulezi.

Jumanne, 1 Julai

Sura ya sita. Kadi. Nimekata karatasi ngumu za majalada ya madaftari, kila kadi na visanduku kumi. SAGA MARA TISA, YA KUMI BURE. Muhuri nimechonga kwa kiazi. Zimetoka kadi thelathini, nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Nilitaka kuzigawa Jumapili mlangoni mwa kanisa. Nilisimama pale na bahasha hadi watu wote wakaisha, nikarudi nayo nyumbani. Leo nimempelekea Mama Aurelia, katibu wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna, anigawie.

"Mtoto mwenye akili!" alisema. Akaiweka bahasha ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Nimemwomba Mwalimu Oliva aniachie kitabu kwa muda. Sasa nitakuwa mashineni jioni na Jumamosi tu.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekuja! Kuanzia jana jioni hadi leo mchana wamekuja wanajumuiya tisa. Mmoja alileta mahindi ya kujaa bakuli. Mwingine kopo. Mwingine alikuwa amefunga punje zake kwenye ncha ya khanga. Baba alikuwa akiwasha mashine, anasaga dakika moja, anazima. Mimi nilikuwa na muhuri wangu wa kiazi, nagonga tu. Niliona baba anainua nyusi.

Usiku huu, nikiwa kitandani, nimegundua. Kila nilipogonga muhuri palikuwa na alama ya mafuta pembeni mwa kadi. Ileile. Ilikuwa kadi moja.

Jumatatu, 14 Julai

Nilikuta bodaboda imesimama mbele ya mashine na gunia zima la mahindi limefungwa nyuma. Mama Aurelia alikuwa ameshika kadi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika hostia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Lidwina. Hii ni ile ya kumi."

"Milele amina. Ya kumi ndiyo gunia?"

"Kadi haikusema."

Baba aliisoma kadi mara mbili, mbele na nyuma. Akanitazama.

"Hapa hakuna kipimo."

"Sikuandika kipimo, baba."

"Jumuiya imejitahidi," alisema Mama Aurelia. "Tisa ni tisa. Huu ni unga wa sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Anna, si wa mtu. Mungu atawazidishia."

Baba alikoboa na kusaga gunia zima. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nilimuuliza Mama Aurelia kwa sauti ndogo kuhusu kadi nyingine ishirini na tisa.

"Tumezitunza. Krismasi si ipo?"

Wakati wa kula nilisubiri baba anikaripie. Alitafuna, akameza mboga yake ya likolo, akasema, "Kitabu chako kimeandikwa na watu wasio na jumuiya." Basi. Afadhali angenikaripia.

Jumamosi, 19 Julai

Umeme ulikatika kutwa. Hakuna tulichopoteza.

Jumamosi, 26 Julai

Nataka kuandika ya leo kwa utaratibu.

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Anna. Baada ya misa tulikula uwanjani kwa Mama Aurelia: ugali wa lile gunia, maharage, nyama ya nguruwe. Watu walimshukuru baba, akawa amekaa kwenye kiti cha mbele, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu.

Halafu akasimama Mama Calvin. Mama Calvin ni Mhehe wa Iringa, ameolewa hapa, na kwa sababu ya vita vya zamani Wahehe ni watani wetu sisi Wangoni. Mtani akikusema hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

"Nimekula, nimeshiba, sasa nawasema," alianza, watu wakaanza kucheka kabla hata hajasema. "Wangoni ninyi! Babu zenu walikuja kwa babu zangu na mikuki mchana kweupe, wakaswaga ng'ombe. Walau tuliwaona! Wa leo mmekuwa wavivu. Mmetundika mfuko wa kitambaa kwenye mashine, mnakaa mnasubiri Mhehe alete mahindi yake. Napeleka ndoo, narudi na ndoo yenye shingo, unga haufiki mdomoni! Isidori, hiyo mashine yako inakula kuliko nguruwe wangu. Na nguruwe wangu angalau nitamla!"

Baba alicheka. Alipiga magoti yake kwa viganja, akajibu, "Wahehe kwa kupenda unga, nenda kakojolee mahindi yako yaote!" Kila mtu akapiga kelele.

Lakini mimi niliwatazama watu. Nina tabia ya kuwatazama watu wakiwa hawanitazami. Kicheko kilikuwa kirefu mno. Mama Aurelia alicheka hadi akafuta macho, kisha akamtazama jirani yake, na yule jirani akatazama sahani. Mama yangu peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa anakusanya vyombo ambavyo bado vina chakula.

Nilimfuata Mama Calvin kwenye karo la vyombo. Nilihesabu hatua kumi na moja. Nikamuuliza swali langu la kwanza tangu Juni.

"Shikamoo. Mama, ni kwa sababu ya mfuko hamji kwetu?"

Aligeuka, mikono ina povu.

"Kumbe hujui? Na kusoma kote huko?" Akashusha sauti. "Mashine ikizimwa, unga mwingine unabaki umegandia ndani ya mfuko. Msagaji anatakiwa aukung'ute uangukie kwenye ndoo ya mteja. Baba yako haukung'uti. Anafunga, anasema tayari mama. Muhsini anakung'uta hadi mkono unamuuma."

"Mbona hakuna aliyemwambia?"

"Nani amwambie? Mtu mnapokea naye komunyo, mnazikana! Mimi ni mtani, ndiyo maana nimesema. Hao wengine watakufa nayo tumboni."

Tumerudi nyumbani. Baba bado anaurudia ule utani wa nguruwe na kucheka peke yake. Mimi nimekaa na daftari hili na nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Kibao! Benchi! Tangawizi! Kadi thelathini! Wote walijua. Walikunywa chai yangu, wakasifu mwandiko wangu, na walijua.

Jumatatu, 28 Julai

Baba alipokwenda kula nilibaki na mashine. Nilikuwa nimeuona ule mfuko maisha yangu yote, umening'inia mdomoni mwa mashine kama mkono wa koti. Niliupiga kwa kiganja. Unga ulianguka. Nikaupiga tena, ukaanguka tena, mweupe wa sembe, halafu wa njano wa dona, halafu mwekundu kidogo wa ulezi. Ulijaza nusu ya sufuria. Sufuria ya mama.

Nilimpelekea mama jikoni. Niliiweka chini mbele yake.

"Kumbe umekwenda wewe leo," alisema. Kisha akaniona uso. "Lidwina. Ulidhani ugali unatoka wapi?"

Sikuwahi kudhani. Nimeandika rangi zake humu tangu Juni na sikuwahi kujiuliza. Kijivu ni makopa, muhogo mkavu wa mtu. Wekundu ni uji wa mtoto wa mtu.

Nilikula mboga peke yake. Baba aliniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Siwezi kumwambia. Nimejaribu Jumanne, Jumatano na jana. Nasimama, yeye anasema, "Unataka nini?" nami nasema, "Maji." Nimekunywa maji mengi sana wiki hii.

Nimemwandikia barua. Kurasa mbili. Sikutumia neno wizi. Nimeitia kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Jumatano, 6 Agosti

Siku nne hakusema kitu. Jioni hii, tukiwa tunafunga mlango wa mashine, alisema huku akitazama kufuli.

"Nimesoma. Mwandiko mzuri."

Nilitaka kulia. Kisha akaendelea.

"Nilisaga miaka kumi na moja kwenye mashine ya mtu kabla ya kununua hii. Mzee aliyenifundisha alisema kinachoingia kwenye ndoo ni cha mteja, kinachobaki mfukoni ni cha mashine. Ndivyo nilivyofundishwa. Mimi si mwizi."

"Sikuandika mwizi, baba."

"Nimeona hukuandika." Akajaribu kufuli mara mbili. "Nani mwingine anasema?"

"Wote."

Tulitembea hadi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Zamani nilikuwa naona mgongo wake mpana. Leo niliona koti limekwisha mabegani, na unga umeingia ndani ya mishono, unga wa watu wote wa Bombambili.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba ameondoka na basi la Tunduru, anakwenda Nalasi kuangalia hiyo kazi ya korosho. Amempigia simu mtu wa Namtumbo aje tarehe ishirini na tisa aione mashine. Kwa hiyo huo ndio uliokuwa uamuzi wake. Barua yangu imeharakisha kila kitu.

Mama atasaga asubuhi. Mimi nitamsaidia jioni na Jumamosi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekata fimbo ya mpera. Mteja wa kwanza jioni alikuwa Mama Calvin, na ndoo moja. Mama yangu alizima mashine. Nikauvuta mfuko, nikaukung'uta. Vumbi lilinijaa hadi kooni. Niliupiga kwa fimbo mara saba hadi ikawa hakuna kinachoanguka. Ndoo ilijaa, ikabidi tumwazime bakuli.

Mama Calvin alitazama bakuli. Akanitazama mimi.

"Huyu si Mngoni," alimwambia mama. "Mliniibia huyu kule Iringa."

Nilicheka. Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba hatuna unga. Tumekula viazi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wateja saba. Viazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkanda wa mashine ulikatika watu watano wakiwa kwenye foleni. Nilijua mambo yamekwisha. Muhsini alivuka barabara na mkanda wa akiba, akaufunga yeye mwenyewe, akafuta mikono kwenye kanzu ya kazi. Nilimuuliza kwa nini anatusaidia. Kuuliza sasa kunaniuma kidogo tu.

"Hivi unafikiri napenda foleni ya hadi kwenye nguzo?" alisema. "Wanapigana kule. Jana wamenivunjia dirisha." Akageukia kwake, akapaza sauti: "Jamani, wa nyuma huko, nendeni kwa Lidwina! Wanakung'uta!"

Watu wazima wanne waliinua ndoo zao wakavuka barabara. Mama Aurelia alikuwa wa pili. Hakunitazama usoni, na mimi sikumtazama. Niliupiga mfuko.

Jumatano, 20 Agosti

Baba amerudi jioni. Alisimama kwenye kibao changu na begi lake mkononi, mimi nikiwa nimeinua fimbo, mweupe kuanzia nywele. Alitazama hadi nikamaliza. Kisha akaingia ndani bila kujibu shikamoo yangu.

Hajawahi kufanya hivyo tangu nizaliwe.

Alhamisi, 21 Agosti

Hasemi. Anasaga, anazima, anafunga. Hakung'uti. Watu wawili walisubiri wakitazama mfuko, kisha wakabeba ndoo zao. "Asante, Baba Lidwina. Tutakuja." Nilikuwa mlangoni na sare ya shule. Ningeweza kupiga kelele.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama aliweka mezani ugali wa kijivu. Alikuwa amekwenda na sufuria, kwa kuwa ulikuwepo tena mfukoni. Nilinawa, nikakaa, sikugusa. Mama naye hakugusa. Hatukupanga, naapa. Baba alimega tonge, akalichovya, akalishika hivyo mkononi.

"Mnanigomea?"

Mama alisema, "Wiki mbili tumekula viazi, Isidori. Nilikuwa nalala vizuri."

Baba alilirudisha tonge kwenye sahani. Lilikaa pale na alama za vidole vyake hadi tukatoa vyombo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimetoka shule mbio. Nikiwa mbali nilisikia mashine imezimwa, halafu nikasikia mapigo. Baba alikuwa ameshika fimbo yangu na anaupiga mfuko juu ya ndoo ya Mama Calvin kama anayenipiga mimi, ameuma meno, bila kumtazama mtu.

"Piga, Mngoni!" alisema Mama Calvin. "Babu yangu anakuona!"

Baba hakucheka. Aliendelea kupiga.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimemrudishia Mwalimu Oliva kitabu. Aliniuliza sura ipi imenisaidia. Nilimwambia ya kwanza, ile niliyoiruka.

Ijumaa, 29 Agosti

Mtu wa Namtumbo hakuja. Baba anasema yeye ndiye aliyemwambia asubiri hadi Krismasi. Krismasi si ahadi. Na Mama Aurelia ana kadi zangu ishirini na tisa.

Jumamosi, 30 Agosti

Muhsini bado ana foleni ndefu kuliko yetu. Leo tulikuwa na watu kumi na mmoja. Siandiki kwamba tumeshinda.

Mama amenunua mahindi sokoni, maana sasa hatuna kingine, akanituma na ndoo. Nilipofika walikuwepo sita mbele yangu. Nikapita pembeni kwenda moja kwa moja kwenye mashine, kwa sababu ni yetu. Baba alinyoosha mkono wenye fimbo.

"Mteja, subiri zamu yako."

Niliiweka ndoo yangu nyuma ya ndoo ya bluu, nikakaa kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulikalia. Jua linafika vizuri pale. Zamu yangu ilipofika baba alisaga, akazima, akaukung'uta mfuko. Nilihesabu mapigo. Saba. Kisha akauminya kwa mkono, akatikisa tena, ukaanguka unga wa kujaa kiganja kimoja, akaniambia, "Chukua chako."

Ugali wa leo ulikuwa mweupe wote.